Siku Bi Effie Alipopanda Basi

"Mama! Wewe huku umefuata nini?"

Bi Effie alikuwa amevaa koti lake jeusi la kanisani na kofia ya sufu, mkoba kaushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtu aliyeitwa mahakamani. Alisimama kwenye foleni nyuma ya watalii, nje ya stesheni ya Inverness, pale pale ambapo binti yake hupakia abiria wake kila asubuhi. Mvua nyembamba ilimdondokea mabegani, naye kama haimhusu.

"Nimekata tiketi kama wenzangu," alisema zamu yake ilipofika. "Nipishe nipande."

"Unajua safari ya leo inaishia wapi?"

"Najua."

"Inaishia Ardcoile, mama. Kiwanda cha wiski. Wewe ambaye hata keki ikiguswa na wiski huili!"

"Ishbel, watu wanalowa."

Ishbel alijisogeza. Mama yake alipapasa ngazi ya basi kwa ncha ya kiatu, akapanda, akainama sikioni kwa binti yake.

"Nimesikia dukani kwamba mtoto wa Ewan anaondoka leo kwenda Tasmania, kule Australia. Haya, aende salama. Mimi nimekuja kuhakikisha anaondoka peke yake."

Kisha akaketi kiti cha mbele kabisa, nyuma ya usukani.

Chini ya kiti cha dereva, mkobani mwa Ishbel Gillanders, nyuma ya chupa ya chai, kulikuwa na pasipoti na gauni moja la bluu. Alikuwa amekesha akijisemea maneno ambayo angemwambia Lachlan Urquhart, huyo mtoto wa Ewan, leo: Nenda, nami nitakufuata. Ni maneno machache tu, lakini alikuwa ameyatafuta kwa miaka sita, na usiku wa jana ndipo alipoyapata. Sasa angeyasemaje, mama yake yuko nyuma ya shingo yake, anamsikia hata akivuta pumzi?

Lachlan ndiye aliyekuwa akipokea wageni pale Ardcoile. Kwa miaka sita basi la Ishbel lilikuwa likimpeleka kwake, na kwa miaka sita walipendana katika ile saa moja ambayo watalii huonja wiski. Lachlan alimwomba waoane, si mara moja. Kila mara Ishbel alilia akasema, "Ningoje kidogo, mama hajalainika." Halafu mwezi uliopita, ghafla, Lachlan alimwambia uani, macho yake yakiwa juu ya paa la ghala, "Nimepata kazi mbali, Ishbel. Naondoka." Alipomuuliza kwa nini, alisema kuna watu wanafungua kiwanda kipya. Ishbel hakuamini. Mwanamume aliyengoja miaka sita hachoki kwa siku moja.

Basi liliacha mji likaingia mashambani. Ishbel alishika kipaza sauti akaanza kazi yake. Aliwaonyesha ngome iliyobaki kuta mbili na kunguru wengi. Aliwaonyesha daraja la mawe lililojengwa na wanajeshi, ambalo mafuriko hayajaliweza hadi leo. Sauti ilitoka yenyewe kama maji ya bomba. Nyuma yake alisikia mama mmoja mchangamfu kutoka Wales, Bi Gwen, akimsemesha mama yake.

"Huyu dereva ni binti yako? Una bahati! Wangu wametawanyika, nawaona kwenye simu tu, na hata huko wanageuza kamera dari linaonekana kuliko wao."

"Ninaye mmoja," Bi Effie alijibu kwa sauti ya kumfikia dereva. "Mmoja tu. Sina mwingine wa kupoteza."

Walisimama kwenye mahame ya kijiji cha kale. Palikuwa hapana kitu ila misingi ya nyumba chini ya majani mabichi, na kondoo wamelala mahali palipokuwa na meko. Ishbel aliwaeleza jinsi mwenye ardhi alivyowafukuza watu ili afuge kondoo.

"Wakaenda wapi?" aliuliza Emrys, mume wa Bi Gwen.

"Popote meli ilipokwenda. Kanada, Australia. Wengi hawakurudi wala..." Alijifanya anakohoa. "Wala hawakuonana tena na wale waliobaki."

"Na waliobaki?"

"Waliobaki walilia."

"Waliobaki walilima," alisema Bi Effie, kamkazia kondoo macho. "Machozi hayaoteshi viazi."

Watalii walicheka. Ishbel hakucheka.

Mchana walikula kwenye hoteli ndogo kando ya mto. Bi Effie alimwomba Bi Gwen amsomee orodha ya vyakula, kwamba miwani kaisahau nyumbani. Ishbel alisikia, lakini neno lilipita sikio moja likatokea la pili; kichwa chake kilikuwa kimejaa Lachlan. Supu yake ilipoa bila kuguswa. Alipoona mama yake ametoka kwenda kwenye basi, alimfuata.

"Mama, hebu tuseme sasa hivi, kabla hatujafika. Umekuja kunilinda kama mbuzi?"

"Nimekuja kukukumbusha. Uliapa, Ishbel. Uliapa mbele ya kaburi la baba yako kwamba hutaolewa na mtoto wa Ewan."

"Niliapa kwa sababu ulikuwa umeanguka juu ya lile kaburi, hunyanyuki! Ningesema nini? Ningekuacha pale?"

"Kiapo ni kiapo."

"Lachlan alikuwa mtoto wa shule usiku ule baba alipokufa, kama mimi. Kosa lake nini?"

"Mkesha wa mwaka mpya," alisema Bi Effie polepole, kana kwamba anasoma mahali palipoandikwa. "Murdo wangu alitoka nyumbani akisema anakwenda kuwapa watu heri ya mwaka. Aliyemmiminia alikuwa Ewan Urquhart. Akammiminia, akammiminia, akamwacha ashike usukani. Walimtoa mtoni asubuhi. Na leo mtoto wa Ewan anamimina pale pale alipokuwa akimimina baba yake. Unataka nimkaribishe mezani, nimpakulie viazi?"

"Mzee Ewan alikuja akalia mlangoni kwetu. Nilimwona dirishani. Hukumfungulia."

"Na angekuwa hai leo nisingemfungulia."

"Mama." Ishbel alimshika mabega. "Unafikiri sijajaribu kupenda mwingine? Yule mwalimu uliyenitafutia nilikwenda naye kula, nikamtazama jinsi mdomo wake unavyotafuna, nikawa simsikii neno. Nikimkosa Lachlan leo utabaki na mimi, sawa. Lakini utakuwa umebaki na gunia. Gunia lenye jina la binti yako."

Bi Effie alinyoosha mkono, akaupata ubavu wa basi, akaufuata kwa vidole mpaka mlangoni.

"Tutachelewa," alisema.

Lachlan alikuwa mlangoni pa kiwanda, kama kawaida yake. Alikuwa mrefu, nywele nyekundu zilizokwisha kukolea hudhurungi, mikono ya shati kaikunja licha ya baridi. Kando ya ghala gari la rafiki yake Dougal lilikuwa limeegeshwa, na kwenye kiti cha nyuma Ishbel aliliona sanduku kubwa jeusi.

Macho yao yalikutana mara moja, kama watu wawili wanaogusana gizani kisha wakaachana. Lachlan alimwona Bi Effie akishuka ngazi za basi. Uso ulimbadilika rangi. Ila Ishbel, aliyeujua uso ule kuliko wake mwenyewe, aliona kitu cha ajabu. Lachlan aliogopa, lakini hakushangaa.

"Karibuni Ardcoile," alisema kwa watalii. "Mmeniwahi. Mngekuja kesho msingenikuta."

"Umefukuzwa kazi?" Emrys alimtania. "Ulikunywa mapipa mangapi?"

"Ningekunywa, bwana, ningeondoka kwa furaha."

Aliwapitisha kwenye shayiri, akawapitisha penye mitungi mikubwa ya shaba ambako joto huwapiga watu usoni, akawaeleza yale anayoeleza siku zote. Hakumtazama Ishbel tena. Ishbel alitembea nyuma ya wote, na kila hatua aliyotembea alikuwa akiona saa yao ikiyeyuka. Alijaribu kumsogelea karibu na mitungi. Bi Effie akajitia katikati. Alijaribu tena kwenye ukumbi mwembamba. Mama yake akamwita amfunge kamba ya kiatu.

Kisha wakafika kwenye ngazi za mawe zinazoteremka ghalani, mahali pa kuonjea. Watalii waliteremka wakicheka. Bi Effie alisimama juu, mguu mmoja hewani, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Lachlan alipanda tena, akamshika kiwiko.

"Polepole, Bi Effie. Ya mwisho ni ndefu kuliko nyingine. Ndiyo ile iliyokukwaza siku ile."

Ishbel alikuwa nyuma yao.

"Siku ile ipi?"

Lachlan alimfikisha Bi Effie chini, akamketisha, akaenda mezani kupanga glasi. Alipomimina toti ya kwanza, wiski ilimwagika mezani ikamlowesha kifua cha koti alilokuwa ametoka kulivaa.

"Taratibu, kijana!" alisema Emrys. "Hicho ni kitu cha kulambwa, si cha kufulia."

"Msinywe kwanza," alisema Lachlan, sauti imekauka. "Nuseni. Kisha tieni tone la maji, mngoje..."

"Lachlan," alisema Ishbel. Alikuwa ameegemea ukuta pale asimamapo siku zote, maana dereva haonji. "Siku ile ipi?"

"Ishbel, tuna wageni."

"Wageni wana glasi zao. Mama yangu hajatia mguu hapa tangu baba afe. Ndivyo ninavyojua mimi. Sasa wewe umejuaje kwamba ile ngazi ilimkwaza?"

Bi Gwen alimfinya mumewe kabla hajafungua mdomo.

"Nilikuahidi, Bi Effie," alisema Lachlan, bila kumtazama Ishbel. "Sijasema neno."

"Ulimwahidi nini? Wewe na mama mna ahadi gani?"

Bi Effie alisimama, akagonga goti kwenye meza, glasi zikalia. "Tutoke nje," alisema. "Si mambo ya kusemwa mbele ya watu."

Walitoka wote watatu, wakasimama uani katikati ya mapipa matupu, mvua ikiwanyeshea.

"Nilikuja hapa," Bi Effie alianza. "Siku ile niliyokwambia nakwenda kwa daktari wa meno. Kweli nilikuwa nimetoka kwa daktari, lakini si wa meno. Macho yangu yanakufa, Ishbel. Yanazimika katikati, pembeni patabaki kidogo, na dawa ya kuyarudisha hakuna. Nikikutazama usoni sikuoni. Naona doa jeusi lenye nywele."

Ishbel alikumbuka miwani "iliyosahauliwa", kiatu kinachopapasa ngazi, vidole kwenye ubavu wa basi.

"Tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi yaliyopita."

"Na hukuniambia? Mimi ninayelala nawe nyumba moja?"

"Ungebaki kwa huruma. Sikutaka ubaki kwa huruma."

"Ukataka nibaki kwa uongo?"

Lachlan ndiye aliyejibu, taratibu.

"Alikuja akaketi pale pale alipoketi leo. Mtu ambaye maisha yangu yote hajaitika salamu yangu. Akanishika mkono akasema, 'Nina mtoto mmoja, na giza linakuja. Usinichukulie.' Aliniomba niondoke, nisiseme sababu. Ningejibu nini, Ishbel? Baba yangu alikuwa amekwisha kumchukulia mume."

"Ungejibu, 'Ngoja nimuulize mwenyewe.'"

"Ningekuuliza ungelazimika kuchagua."

"Ningechagua mimi! Mimi, Lachlan!" Sauti ilimpanda mpaka ikapasuka. "Mmekaa wawili mkanigawana kama kondoo wa mnadani. Mama achukue mwili, wewe uende na machozi, na mimi mwenyewe hata sikuitwa kwenye mnada wangu. Mwezi mzima nimekuwa nikijiuliza nimekosa nini. Nimejitazama kwenye kioo nikasema, labda nimezeeka, labda amechoka na mimi. Kumbe ulikuwa unanihurumia!"

"Sijachoka na wewe. Mungu ananiona."

"Mkobani mwangu kuna pasipoti na gauni. Nilikuwa nimekuja kukwambia nitakufuata, popote, hata huko mwisho wa dunia."

Bi Effie alishika pipa.

"Na sasa siwezi," alisema Ishbel, machozi na mvua vikishuka pamoja. "Nitamwachaje mtu asiyeona ngazi? Nikienda, mimi mwuaji. Nikibaki, mimi maiti. Mmenifungia milango yote miwili, halafu mnasema mnanipenda."

Lachlan alimgeukia mama mtu. Alipiga goti pale pale kwenye matope, mwanamume mzima.

"Bi Effie, basi niruhusu nibaki. Kazi nyingine nitapata. Nitakushika mkono kila ngazi. Nitakusomea gazeti, nitakuchanjia kuni. Hutajua kama macho yamekwenda, mama."

"Usiniite mama."

"Basi niite wewe unavyotaka. Niite mtoto wa Ewan mpaka nife. Lakini nibaki."

"Inuka, matope hayo." Sauti ya Bi Effie ilikuwa imepungua ukali, na kwa kupungua ikawa mbaya zaidi kusikia. "Nyinyi mnadhani ni chuki. Ingekuwa chuki ningekwisha kuitupa, chuki inachosha. Ni ile harufu. Walipomleta Murdo nililala juu ya kifua chake, na maji ya mto mzima hayakuwa yameiondoa. Wiski, mapipa, moshi. Ndiyo ya mwisho niliyoinusa kwake. Wewe ukipita karibu yangu dukani, naisikia hiyo hiyo, nakuwa niko juu ya kifua chake tena. Macho yananiacha, Lachlan. Pua itabaki. Nitakaa gizani na ile harufu ikiingia mlangoni kila jioni?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Nitaacha wiski," alisema Lachlan. "Leo hii. Nitafanya kazi ya barabara."

"Wacha!" Ishbel alimkata. "Umezaliwa humu. Utaacha, kisha utamchukia kabla ya Pasaka, na mimi utanichukia ifikapo Krismasi."

Dougal alipiga honi upande wa pili wa ghala, mara moja, kwa aibu, kama mtu anayebisha hodi msibani.

"Njoo hapa," alisema Bi Effie.

Lachlan alimsogelea. Bibi yule alinyoosha mikono, akaushika ukosi wa koti lake, koti lililokuwa bado limelowa wiski. Akavuta pumzi kama mtu anayejitosa majini, akaweka uso wake kifuani. Ishbel aliziba mdomo kwa mkono. Alimwona mama yake akikaza mabega, akikaza, akistahimili; aliona vidole vikigeuka vyeupe juu ya kitambaa. Kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka, Bi Effie akajitoa kwa nguvu, akakaribia kuanguka.

"Siwezi," alisema. "Nimejaribu. Siwezi, mwanangu. Nisamehe."

Hakuna aliyejua anamwomba nani.

Lachlan alimshika asianguke, akamwegemeza kwenye pipa. Halafu alimwendea Ishbel, akaushika uso wake kwa mikono miwili.

"Niache niende," alisema kwa kunong'ona. "Nikibaki hapa na wewe uko kule, kila siku nitasimama mlangoni kungoja basi lako, nikutazame juu ya glasi za watu. Miaka sita nimeishi hivyo. Siuwezi mwaka wa saba."

"Sema hunitaki. Ukisema hivyo nitakuacha uende."

"Siwezi kusema uongo huo."

"Basi umenipa nini cha kushikilia? Hata uongo umeninyima."

Alimbusu kwenye paji la uso, kwa muda mrefu, kisha akaenda zake kuelekea kwenye gari. Hakugeuka. Angegeuka asingefika.

Watalii walipanda basi kimya. Hata wale waliokuwa wamechangamka kwa wiski walitazama viatu vyao. Ishbel aliketi kwenye usukani, akafunga mkanda, akaweka ufunguo. Mkono haukugeuka. Alijaribu tena. Alitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine aliyevisahau pale.

"Samahanini," alisema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, basi zima likasikia. "Nipeni dakika moja. Siwezi kuendesha."

"Jipumzishe, binti," alisema Bi Gwen. "Sisi hatuna pa kuwahi."

Nyuma ya shingo yake Ishbel alisikia mama yake akisimama. Alisikia mkoba ukigonga kiti, mkono ukipapasa chuma cha mlango.

"Mama, unakwenda wapi? Mama!"

Bi Effie alikuwa amekwisha kushuka. Alisimama katikati ya uwanja, mvua usoni, akageukia upande ambao hakukuwa na mtu, upande wa ukuta mtupu, akaita kwa nguvu zake zote.

"Mtoto wa Ewan!"

Ukuta haukujibu.

"Lachlan! Uko wapi? Nasema uko wapi, sikuoni!"

Mlango wa gari la Dougal ulifunguliwa. "Niko hapa, Bi Effie. Nyuma yako."

Aligeuka. Alitazama kando yake kidogo, kama wanavyotazama watu wa macho yale, ili ampate kwenye ile pembe iliyobaki.

"Uwanja wa ndege uko njiani kwetu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Chukua sanduku lako, panda basi. Usinielewe vibaya, sijakusamehe, na kule uani umeona mwenyewe. Lakini binti yangu ameshindwa kugeuza ufunguo. Nimemsikia. Sauti ile niliwahi kuitoa mimi." Alijifuta uso kwa glavu. "Ukae kiti cha nyuma kabisa. Na dirisha langu lifunguliwe lote. Tukifika uwanja wa ndege kama bado nimeshindwa, utashuka, na Ishbel hatakulilia mbele yangu."

"Na usiposhindwa?"

"Panda, bwana, kabla sijapata akili."

Lachlan alipanda na sanduku lake. Emrys alimpokea mzigo bila utani wowote. Ishbel hakugeuka, aliogopa akigeuka itakuwa ndoto. Alimwona kwenye kioo tu, kule mwisho, amekaa wima kama mtu anayengojea hukumu, koti kalivua na kulikunja, kalisokomeza ndani ya sanduku.

Ufunguo ukageuka.

Waliteremka bonde lote dirisha likiwa wazi. Upepo wa milimani uliingia na mvua yake, ukapekua nywele za watu, ukazigeuza pua zao nyekundu. Hapakuwa na aliyelalamika. Bi Gwen alimfunika Bi Effie magoti kwa shali yake. Bi Effie mwenyewe alikuwa ameelekeza uso kwenye ule upepo, macho kayafumba, akivuta pumzi fupi fupi. Mara nyingine alivuta moja ndefu, akaishika, akaitoa. Kisha akapumzika. Kisha akajaribu nyingine. Ishbel aliyasikia yote hayo nyuma ya shingo yake, na kila pumzi ya mama yake ilimpita yeye kama kisu.

Waliipita hoteli ya mchana, wakayapita mahame, wakalipita daraja. Ishbel hakushika kipaza sauti. Giza la jioni lilikuwa linaanza kushuka alipokiona mbele kibao chenye picha ya ndege. Alipunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka malori nyuma yake yakaanza kupiga honi.

"Mbona unatambaa?" aliuliza Bi Effie.

"Njia ya uwanja wa ndege ni hii hapa, mama."

Kule nyuma Lachlan alisimama, mkono juu ya sanduku lake.

Bi Effie alivuta hewa kwa pua, taratibu, na safari hii hakuuelekeza uso dirishani.

"Funga hili dirisha," alisema. "Nusu tu."

"Na njia, mama? Nikate?"

"Nimesema funga dirisha, Ishbel. Wazee wa watu wanaganda." Akaivuta shali mpaka kifuani. "Na mwambie yule aketi. Basi linakwenda, amesimama anafanya nini?"

Bi Gwen alilisukuma dirisha likafungika nusu. Ishbel alikanyaga mafuta, akakipita kibao bila kukata kona, akaenda moja kwa moja mjini.